"Nimeazima Tu": Droo ya Tajiri

Wiki jana msomaji mmoja, keshia wa supamaketi, aliniandikia: "Anti, nimeazima 3,000 kwenye droo, mshahara ukiingia narudisha. Ni kosa?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo nimewahi kuyasema mimi.

Nilikuwa keshia hapa Mombasa. Tarehe 22, mtoto ana homa, nami nimekalia droo iliyojaa. Nikatoa 1,500. Mwisho wa mwezi nikairudisha, hakuna aliyejua, na hapo ndipo nilipoharibika. Mwezi uliofuata 2,000. Kufika wa nne ni 6,000, na ili hesabu isimame nikaanza kufuta risiti: mteja ameshalipa na kwenda zake, mimi nafuta mauzo kana kwamba amerudisha bidhaa. Nikajiona mjanja! Kumbe mashine inaweka kila kilichofutwa, na namba yangu ya keshia, na saa, na dakika.

Meneja aliponiita ofisini alikuwa na karatasi ndefu inayojikunja. Anaikunjua kwa kidole huku ananisomea: saa tisa na dakika kumi, mafuta ya kupikia. Saa tisa na ishirini, unga. Kisha akanigeuzia skrini ya kamera. Mbele ya kaunta hapana mteja. Ni mkono tu ndani ya droo, na bangili aliyonipa mama.

Nililipa, nikafukuzwa, sikushtakiwa. Mwenzangu aliyechukua zaidi alipelekwa kortini. Lakini jina langu lilisomwa mbele ya shifti nzima, na hilo mpaka leo linaniuma, japo kosa ni langu.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema ukichukua pesa ya mtu uitumie utakavyo, huo ni wizi hata kama ulikusudia kuirudisha. "Nimeazima" haikuokoi. Tena wizi wa kawaida kifungo chake ni hadi miaka 3, ila ukimwibia mwajiri wako, kifungu cha 281 kinakupa hadi 7. Umeaminiwa, ndiyo maana. Kuchezea hesabu ili kulaghai ni shtaka jingine, kifungu cha 330, nalo hadi 7. Na usidhani kuvuka mpaka wa Lunga Lunga ni kupona: Tanzania mfanyakazi anayemwibia mwajiri anaweza kufungwa miaka 10.

Haki unazo pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu tajiri, yaani mwajiri wako, kukufukuza papo hapo kwa wizi, lakini kwanza akueleze kosa na akusikilize, mwenzako wa kazini akiwepo. Mimi sikuijua hiyo, nikalia tu. Na pesa ikipungua kwa uzembe wako, hata kama hukuiba, unaweza kukatwa mshahara ikiwa mkataba umekukabidhi pesa. Kwa hiyo hesabu droo na msimamizi kabla hujakaa. Usiguse droo. Jirani akija usimpitishie sukari bila kuipiga kwenye mashine. Ukiwa na shida omba advansi ya mshahara, na ukinyimwa, usiguse droo.

Yule msomaji nilimwambia akaseme leo, kabla hawajahesabu. Akauliza kama hawezi kuirudisha kimyakimya. Watu hawasikii.

Siku hizi nina duka langu Kisauni, wafanyakazi wawili, na droo ni yangu. Juzi mwanangu alitaka 20 ya kaimati, akanyoosha mkono kwenye droo. Nikamzuia, nikaingia ndani kutafuta pochi yangu, wateja wananingoja.