Je, methadoni ni unga kwa jina jingine?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mwanangu ametumia unga (heroini) kwa miaka mingi. Alipoanza methadoni (dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga) alitulia, akarudi kazini na kwenye sala. Ustadh mmoja akamwambia kwamba amebadilisha kilevi kwa kilevi, hana sala wala saumu, akamwapisha kwa msahafu asiiguse tena. Aliacha ghafla. Wiki chache baadaye alirudia unga, tukamkuta anakoroma, midomo imegeuka rangi. Mungu kamnusuru. Sasa daktari anataka aanze upya na amemtajia methadoni, buprenofini na naltreksoni. Ipi iliyo halali zaidi? Kiapo chake je? Na Ramadhani imekaribia.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana mama, na alhamdulillahi kwa uhai wa mwanao. Dawa zote tatu zinajuzu kwake maadamu anaandikiwa na daktari na anazitumia kama alivyoelekezwa. Tena kwa mtu aliyeponea chupuchupu, kurudi kwenye matibabu mimi naona ni wajibu, si ruhusa tu. Nitarefusha jibu kwa sababu maneno aliyoambiwa yanazunguka misikitini, na yanaua.

Wanaosema hivyo hushika hadithi sahihi aliyoipokea Muslim: kila kinacholevya ni khamri, na kila khamri ni haramu. Hadithi ni ya kweli, ila wanaitua pasipo pake. Sababu ya uharamu ni kulevya. Unga humpandisha mtu stimu ndani ya dakika, na saa chache baadaye arosto (mateso ya mwili ukikosa unga) humrudisha mtaani kuutafuta tena, mara tatu au nne kwa siku. Methadoni hufika kileleni baada ya saa mbili hadi nne, kisha hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Aliyekwisha kuzoea dozi yake hapati stimu wala arosto. Anajua anachosoma katika sala yake, na hicho ndicho kipimo cha Qur'ani: msiikaribie sala hali mmelewa, mpaka mjue mnayoyasema (4:43). Kwa hiyo sala yake ni sahihi, na akikusalisheni nyumbani, sala yenu ni sahihi. Hata jasho jingi linaloletwa na methadoni ni tohara kama jasho lolote.

Wengine hutaja kauli ya Ibn Masuud kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ponya yenu katika alivyokuharamishieni. Kauli hiyo ilisemwa kuhusu kilevi, na haifuti mlango wa dharura ambao Qur'ani yenyewe imeufungua (2:173 na 6:119). Hariri ni haramu kwa wanaume, lakini Mtume ﷺ aliwaruhusu Zubayr na Abdurrahman bin Auf waivae kwa sababu ya muwasho. Imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa muwasho wa ngozi ulipewa nafasi, vipi pumzi ya mtu?

Linalonishangaza zaidi ni kuifanya mas'ala hii mpya. Katika karne ya 10 ya Hijria, Ibn Hajar al-Haytami, miongoni mwa wakubwa wa Kishafi, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea kula afyuni (utomvu wa mpopi, ambao ndio asili ya unga) hadi akiiacha atakufa. Alijibu kwamba kula kiasi cha kumwokoa kunajuzu, bali ni wajibu, sawa na nyamafu kwa aliyeshikwa na dharura. Na ni lazima apunguze kidogo kidogo mpaka mwili uzoee kuikosa bila kuhisi. Hapo alikuwa anazungumzia afyuni yenyewe, si dawa iliyopimwa na kutolewa mbele ya muuguzi!

Najua watadakia neno “apunguze”. Sawa, lakini walisome na sharti lake: bila mwili kuhisi. Mwanao hakupunguziwa, alikatiwa. Na hivi ndivyo watu wanavyokufa: akikaa wiki chache bila dawa wala unga, mwili hupoteza mazoea, kisha siku ya kuteleza hutumia kipimo chake cha zamani, na kipimo kile sasa humzimisha pumzi. Kupunguza hufikiriwa baada ya utulivu wa mwaka au zaidi, kwa sehemu ndogo, asilimia 5 hadi 10 ya dozi na wiki kadhaa kati ya hatua na hatua, na arosto ikirudi husimamishwa. Wapo watakaoitumia miaka mingi. Hao si mafasiki. Ni wagonjwa wenye dawa.

Sasa swali lako la “ipi iliyo halali zaidi”. Usizipange kwa namna hiyo, mama. Naltreksoni huvutia watu wa dini kwa kuwa haifanyi kazi ya afyuni: inafunga tu mlango ambao unga hupitia kwenye ubongo. Lakini haianzwi mpaka mtu akae siku 7 hadi 10 bila unga, na hadi wiki mbili ikiwa alikuwa kwenye methadoni, na hapo ndipo wengi huanguka. Ipo ya kidonge cha miligramu 50 kila siku na ya sindano ya miligramu 380 kila mwezi. Akiiacha, anarudi mtaani akiwa hana mazoea kabisa. Kwa mtu aliyekwisha kukaa safi na ana msimamizi wa karibu, inafaa. Kwa hali ya mwanao, ningemwomba daktari aifikirie mwisho.

Buprenofini hufanya nusu ya kazi ya afyuni na ina dari: ukiongeza dozi, kudhoofika kwa pumzi hakuongezeki sana, kwa hiyo hatari ya kufa ni ndogo kuliko methadoni. Huwekwa chini ya ulimi dakika 5 hadi 10 mpaka iyeyuke; ikimezwa, sehemu kubwa hupotea bure. Wengi hutulia kwenye miligramu 16 kwa siku. Kosa kubwa ni kuianza mapema. Mtu ametumia unga asubuhi, mchana anaweka kidonge. Kidonge kinausukuma unga wote nje ya mahali pake kwa mpigo, na ndani ya saa moja anatapika, anaharisha, anatetemeka. Familia inasema dawa ina sihiri. Asubiri angalau saa 12 tangu unga wa mwisho, hadi arosto ionekane wazi. Akitokea kwenye methadoni, siku moja hadi tatu.

Methadoni ndiyo inayoshika watu kwenye matibabu vizuri zaidi kwa jumla, hasa waliozama sana, na mwanao tayari ilimkubali. Hatari yake iko mwanzoni. Huanza na miligramu 10 hadi 30 na kupandishwa polepole, kwa kuwa dozi ya leo huikuta ya jana ikingali mwilini. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Asirudie dozi yake ya zamani kwa kuwa “ndiyo aliyoizoea”. Hayupo tena hapo. Na asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi kama diazepamu. Akiandikiwa rifampisini ya kifua kikuu, amwambie daktari, maana inaishusha methadoni na arosto hurudi. Mara nyingi hapo ndugu humtuhumu amerudia unga, kumbe ni dawa mbili zinapigana.

Kuhusu Ramadhani: dozi ni moja kwa saa 24, basi aombe ihamishiwe baada ya kufuturu. Kidonge cha chini ya ulimi nacho akitumie usiku. Mwaka 1997 Jopo la Fiqhi la Kimataifa lilisema vidonge vya namna hiyo havifunguzi maadamu mtu hamezi kinachofika kooni, lakini mwenye usiku mzima ana haja gani ya kuingia kwenye khilafu (tofauti za wanazuoni)? Sindano ya dawa haifunguzi. Kliniki ikiwa haitoi usiku wala haimpi dozi ya kwenda nayo nyumbani, yeye ni mgonjwa: anywe mchana, alipe baadaye (2:185). Asiruke dozi ili afunge. Akikosa siku tatu mfululizo, asinywe dozi kamili. Arudi kwanza kwa daktari.

Nyumbani, methadoni ifungiwe kwa ufunguo. Dozi moja ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto. Ombeni naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga au methadoni, ya sindano au ya puani, na wewe mama ujifunze kuitumia. Siku akikoroma vile tena, mpe, mlaze ubavu, na umpeleke hospitali hata akiamka, kwa kuwa naloksoni huisha nguvu kabla ya methadoni.

Kiapo kisimzuie. Mtume ﷺ amesema: atakayeapa juu ya jambo kisha akaona jingine ni bora kuliko hilo, basi afanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara ni kulisha masikini kumi, kila mmoja kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa zaidi mahali mlipo, au kuwavisha; asiyeweza afunge siku tatu (5:89). Si sharti itangulie. Aende kliniki kesho, kafara itafuata.

Wallahu aalam.