Hasalimii asubuhi, lakini hesabu zake ni safi

SWALI: Naongoza kitengo cha uhasibu hapa Mwanza, nina watu saba chini yangu. Kijana mmoja aliniambia faraghani kwamba ana usonji. Kulinganisha hesabu zetu na za benki, hakuna anayemfikia. Ila asubuhi anapita bila salamu, kikaoni hafungui mdomo, na ukimkatiza kwa kazi ya ghafla anavurugika. Wenzake wanasema ana kiburi. Tathmini ya mwaka ni mwezi ujao. Nimpe ngapi kwenye “ushirikiano” bila kuonekana nampendelea?

JIBU: Kabla ya alama, itazame fomu yenyewe. Nimewahi kujaza fomu yenye kipengele cha “uchangamfu”, tena cha mhasibu! Kwetu asiyesalimia huwa ameshahukumiwa kabla hajavuta kiti, na hukumu hiyo huingia kwenye “ushirikiano” kimyakimya. Andika maana ya neno hilo kwa kazi yenu: hoja za wakaguzi anazijibu kwa wakati? Mwenzake akihitaji hati ya malipo, anaikuta ilipotakiwa kuwa? Kisha wapime wote saba kwa kipimo hicho. Atakayedai upendeleo, mwoneshe fomu yake mwenyewe.

Kazi za ghafla ni suala jingine, na hapo mara nyingi wakosaji ni sisi mabosi. “Hebu niangalizie ile ya Machi fasta.” Ile ipi? Fasta ni saa ngapi? Mwandikie hivi: “Linganisha taarifa ya benki ya Machi na daftari la malipo. Orodhesha tofauti zote. Nipatie Alhamisi kabla ya saa nane mchana. Mishahara isubiri.” Maneno mawili ya mwisho ndiyo tunayoyasahau: tunamtupia mtu kazi mpya bila kusema ile iliyo mkononi aiweke wapi. Jaribu kwa wote. Hao sita nao watapumua.

Ajenda ya kikao itoke siku moja kabla, na maoni ya maandishi yahesabike kama ya mdomo. Kuhusu kelele, taa au mahali pa kukaa, usibuni, muulize. Kuhamisha meza iliyo kando ya mashine ya fotokopi hakuhitaji bajeti.

Hii si hisani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unahesabu hata kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kuwa ni ubaguzi.

Sasa hao wanaosema ana kiburi. Najua ulimi unakuwasha uwaambie, lakini siri ni yake, na taarifa za afya ni nyeti kisheria. Muulize angependa waambiwe nini. Akisema wasiambiwe chochote, unabaki na jibu moja: “Kazi yake naiona, nimeridhika nayo.”