Muulize Sonara: Uso wa dhahabu usio na tundu la mkufu

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu ni baharia. Alipofika Vietnam alinitumia picha za vito vya kale vya Wacham: uso wa mwanamume wa dhahabu mwenye jicho la tatu kwenye paji, na pete yenye ng'ombe aliyelala. Uso ule ulivaliwaje, mbona hauna tundu la mkufu? Na nikikuletea vikuku vya marehemu bibi, unaweza kuviyeyusha unifanyie pete kama ile?
*Msomaji, Mbagala*

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza kama fundi. Kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye kito chochote ni pale kinaposhikia: tundu, ndoano, kifungo. Uso ule hauna kwa sababu haukuvaliwa na mtu. Ulivalishwa jiwe.

Wacham walikuwa na falme kwenye pwani ya kati na kusini ya Vietnam kwa zaidi ya miaka elfu. Ni watu wa bahari, na lugha yao ina undugu na Kimalagasi cha majirani zetu wa Madagaska. Wengi wao leo ni Waislamu, lakini wafalme wao wa kale walimwabudu Shiva, mungu wa Wahindu, kwa alama ya nguzo fupi ya jiwe iitwayo linga. Nguzo hiyo ilivikwa ala ya dhahabu au fedha, kosha kwa Kisanskriti, na uso wa Shiva ukawekwa juu yake. Maandishi ya mawe ya Mỹ Sơn, mahali pa mahekalu yao, yanawataja wafalme waliotoa kosha kwa mungu wao. Jicho la tatu ndilo linalomtambulisha Shiva, pamoja na nywele zilizofungwa juu. Ng'ombe wa kwenye pete ni Nandi, dume ambaye Shiva humpanda.

Itazame tena picha ya uso. Fundi hakumimina dhahabu kwenye kalibu. Alichukua bamba jembamba akaligonga kwa nyuma, polepole, mpaka pua na midomo ikatokeza mbele. Akizidisha pigo moja, bamba linapasuka. Nimefanya kazi hii Kisutu miaka thelathini na nane, na midomo ile bado inanishinda.

Hata linga yenyewe iliwahi kufanywa ya dhahabu. Mwaka 2013, kwenye hekalu la Po Dam, wachimbaji walipata moja ya gramu 78 hivi, karibu tola saba.

Lakini dhahabu iliyosalia ni kidogo mno. Huko Nha Trang, kwenye hekalu la Po Nagar, mfalme Indravarman wa Tatu alisimamisha sanamu ya dhahabu ya mungu wa kike Bhagavati mwaka 918. Haikupita miaka hamsini, Wakhmer, watu wa Kambodia, wakaja wakaichukua. Mwaka 965 mfalme mwingine akaweka nyingine mahali pake, ya jiwe. Jiwe haliyeyuki, ndiyo maana makumbusho ya Da Nang yamejaa mawe ya Wacham, na vipande vya dhahabu ni vya kuhesabu.

Sasa vikuku vya bibi. Pete nitaweza kuitengeneza, na ng'ombe nitamchonga. Ila mimi mwenyewe nimeshayeyusha vipini na vikuku vya mabibi wengi wa mji huu, na nakshi zake sikuzichora popote. Nikijaribu kuzikumbuka, mkono haunipi. Kwa hiyo usiniletee vikuku kabla hujavipiga picha, nje, ndani na kwenye kifungo. Ndani kwa kawaida kuna alama ndogo ya fundi. Njoo Jumamosi asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, tuitafute pamoja. Kama ni ya mtu ninayemjua, nitakwambia alikuwa nani, na moto tutauwasha ukiwa umeshasikia.