Kabla ya India, damu ya baba yako

Mwanangu Salma,

Umeniuliza kama muanze kuchanga fedha za kumpeleka baba yako India kwa ile dawa mpya ya mionzi, lutetiamu, kwa kuwa PSA, kile kipimo cha damu kinachofuatilia saratani yake ya tezi dume, imepanda mara mbili mfululizo. Nami nakuuliza: testosteroni yake, ile homoni ya kiume inayoilisha saratani hiyo, ni ngapi? Hicho kipimo hakijachukuliwa. Sindano yake ya kuishusha, ya miligramu 10.8, huwekwa chini ya ngozi ya tumbo na kufanya kazi wiki 12. Ikichelewa, homoni hurudi na saratani ikapata chakula chake. Testosteroni ikiwa chini ya nanogramu 50 kwa desilita na PSA bado inapanda, hapo tuseme ugonjwa umeizoea sindano. Ikizidi, tuangalie sindano kwanza. Dawa mpya haimfai aliyelegeza ya zamani.

Na vidonge navyo. Abirateroni, inayozuia mwili kutengeneza homoni hiyo, ni vinne vya miligramu 250, tumbo tupu: saa mbili baada ya kula, na saa moja kabla ya kula tena. Baba yako alikuwa akivimeza na chapati. Chakula chenye mafuta huweza kuiingiza dawa hiyo mwilini hata mara kumi zaidi, ndipo presha inapanda na potasiamu inashuka. Prednisoloni ya miligramu 5, ile dawa inayoandamana nayo, ndiyo ya kumeza na chakula, na haiachwi ghafla. Sasa vile vinne anameza saa kumi na moja alfajiri, uji saa moja. Upo utafiti wa 2018 uliojaribu kidonge kimoja pamoja na kifungua kinywa kisicho na mafuta mengi, PSA ikashuka karibu sawa na kwa vinne. Hilo aulizwe daktari, lisiamuliwe jikoni.

Ukisema India namkumbuka ba'mkubwa wako wa Tanga, aliyekuwa na ugonjwa huohuo, na kikao kile cha barazani. Mifupa inamuuma hageuki kitandani, na wakubwa wazima wanauliza akitolewa korodani atabaki mwanamume gani. Alitia sahihi mwenyewe. Upasuaji ule hushusha testosteroni siku hiyohiyo, na hauna tarehe ya kurudi ya kusahau. Charles Huggins wa Chicago alionyesha njia hiyo mwaka 1941, akapewa Nobel 1966. Siku chache tu, ba'mkubwa wako akaenda msikitini kwa miguu yake! Waliomcheka nikiwaona harusini damu hunichemka hadi leo.

Lakini pengine nakuonea. Lutetiamu si uzushi. Marekani waliiidhinisha 2022, baada ya utafiti wa wanaume 831 ambao ugonjwa wao ulishashinda dawa nyingine: nusu ya walioongezewa lutetiamu juu ya matibabu yao ya kawaida waliishi zaidi ya miezi 15.3, wenzao wasioongezewa 11.3. Miezi minne ni michache kwenye karatasi. Kwa mwenye mjukuu njiani ni mingi. Ila hutolewa kila wiki sita, hadi mara sita, na kwa yule tu ambaye picha ya PET, ile ya mwili mzima, imeonyesha saratani yake ina PSMA, protini ambayo dawa hiyo huishika. Tezi za mate nazo zina PSMA, ndiyo maana kinywa hukauka. Chembe za damu nazo hushuka. Kwa hiyo hesabu nauli, malazi na picha hiyo, usihesabu dawa peke yake. Nami narudia, dawa mpya haimfai aliyelegeza ya zamani.

Jibu langu kuhusu India ninalo, na ulimi unaniwasha. Nalizuia kwa sababu mwili ni wake, na hakuna aliyemuuliza, si wewe wala kaka zako. Muulize wewe.

Ukimpigia, muulize na miguu. Mimi huniambia mzima tu. Miguu ikiwa mizito ghafla, ganzi ikimshika mapajani, au mkojo ukigoma huku mgongo unauma, huenda uti wa mgongo umebanwa. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Tukingoja kliniki ya Jumatatu anaweza asitembee tena. Mwambie kaka yako gari lisikae bila mafuta.

Mama yako