Ukitaka mtaa wenu uwe safi, anzia kwenye maganda ya jikoni

Watu wengi wananiuliza waanzie wapi wakitaka kufanya kitu kuhusu uchafu wa mtaani kwao hapa Dar, na wengi wanakuja tayari na wazo la kununua mapipa ya rangi rangi, kuchapisha tisheti au kuitisha siku ya usafi. Siku ya usafi ni nzuri na mi natoka, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunashika mafagio na makoleo, mtaro unazibuliwa, halafu ikifika katikati ya wiki mtaro umeshajaa tena. Ushauri wangu ni mmoja na nauamini kwa moyo wote: toa maganda kwenye taka zako. Ukitenganisha hicho kitu kimoja tu, mengine yote yanakuwa mepesi.

Taka za majumbani kwetu zaidi ya nusu ni taka ozo, yaani maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, machicha ya nazi, kokwa za embe msimu ukifika. Hizo ndo zinazonuka, ndo zinazoita nzi na panya, ndo zinazofanya kiroba kiwe kizito na kichuruzike mgongoni mwa anayekibeba, na ndo zinazochafua chupa na makopo mpaka hamna mtu anataka kuyashika. Zikifika dampo la Pugu Kinyamwezi zinafukiwa chini ya taka nyingine, hewa hazipati, zinaoza zikitoa gesi ya methani ambayo kwa kipimo cha miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya hewa ya ukaa. Maganda hayo hayo yakiozea nyumbani yakiwa yanapata hewa, yanakuwa mboji.

Alafu kuna historia ambayo watu wa Dar wengi hawaijui na inaniuma. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliipeleka Halmashauri ya Jiji mahakamani kwa sababu ya dampo lililokuwa kwenye makazi yao, moshi, harufu, nzi, na wakashinda, na jiji lilipoendelea kuomba liongezewe muda Mahakama Kuu ikakataa. Kesi hiyo, inayoitwa kwa jina la mkazi mmoja, Joseph Kessy, wanasheria wanaisoma mpaka leo, na wale wazee nawaheshimu sana. Lakini angalia dampo lilienda wapi, likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, saivi liko Pugu, na kote huko wanaishi watu wenye watoto. Kila tukilihamisha tunamhamishia mwenzetu, kwahiyo kitu cha kupunguza ni kile kinachotoka mlangoni kwetu.

Na usidhani hili ni la nyumba moja moja tu. Nenda Bonyokwa, huko huko Ilala. Shirika la Nipe Fagio lilianzisha kule mfumo ambao kaya zinatenganisha taka zenyewe, wazoa taka wanapita nyumba kwa nyumba, mzigo unapelekwa kwenye kituo kilichopo kwenye kata hiyo hiyo, taka ozo zinageuzwa mboji, taka rejeshi, yaani chupa, makopo na vingine vinavyoweza kutengenezwa upya, zinauzwa, na kinachobaki ndo kinaenda dampo. Hamna mtambo wa ajabu pale, ni kazi ya mikono na watu kugonga mlango kwa mlango wakielimisha bila kuchoka. Upande wa Kinondoni nao kuna kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ajili ya taka za masokoni, kilichojengwa kwa ushirikiano na Hamburg, jiji lenye udugu na Dar tangu 2010.

Sasa ya nyumbani. Chukua ndoo kubwa ya lita 20, hata ile ya rangi iliyoisha, toboa matundu mengi chini na ubavuni kwa msumari uliochomwa kwenye moto, ipandishe juu ya matofali mawili ili hewa ipite na maji yachuruzike. Chini tandika majani makavu. Kila ukitupia maganda, funika kwa vitu vikavu kama mara mbili yake, majani ya mwembe uliyofagia uani, maranda ya kwa fundi seremala, maboksi yaliyochanwa vipande. Wengi wanabana hivyo vikavu na hapo ndo inaanza kunuka. Ikinuka ujue maji yamezidi, ongeza vikavu ugeuze kwa kijiti. Ushike mchanganyiko mkononi uukamue, likitoka tone moja au mawili uko sawa, ukichuruzika bado. Machicha ya nazi usiyamwage bonge zima maana yanashikana na kuchacha, yapukute kwa mkono uyachanganye na maranda. Mifupa na vichwa vya samaki usiweke kabisa, paka watakuja kupindua ndoo usiku. Masika iingize chini ya paa. Ikijaa anza ya pili, na kwa joto letu hili miezi miwili mitatu ile ya kwanza inakuwa nyeusi, inanukia udongo, weka kwenye mchicha wako. Huna uani? Tafuta jirani mwenye mbuzi, maganda ya ndizi hayatamshinda.

Kingine, ndoo ikae pale pale maganda yanapomenywa. Mama lishe wa mtaani kwetu nilivyomfuata mara ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, mi nna wateja hapa, sina muda wa kuchambua taka." Nikamwambia mama, huchambui chochote, we ukiwa unamenya tupia humu. Ndoo ikawekwa ubavuni mwa kigoda chake, kushoto, maana kisu anashika kulia, na jioni kijana wa mkokoteni anaichukua na kumpelekea mama mmoja mwenye bustani. Mama lishe hajaongezewa kazi hata ya dakika moja, na inzi wamepungua mezani kwa wateja wake.

Huyo kijana wa mkokoteni ongea nae kabla hujaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Yeye ndo anajua chupa za maji zinanunuliwa wapi, nani anachukua makopo, ndoo zilizovunjika na maboksi, na kila kitu kikiwa kikavu na kisafi anapata bei nzuri zaidi. Mpe mkononi, usimfanye afukue kwenye kiroba. Vioo na nyembe vifungie kwenye kopo gumu, maana wale watu wanakatwa sana vidole na hamna anayewalipia hospitali. Na ada ya taka lipa kwa wakati jamani.

Pampasi ndo mtihani uliobaki, hamna anayezinunua na kuzichoma uani ni kuwavutisha watoto sumu. Zifunge vizuri zisubiri gari la taka, mtaroni zinaziba maji, na bondeni Jangwani tunajua mvua kubwa zinaleta mafuriko gani. Mi nina matumaini hata kwa hilo, kwa sababu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 watu walisema haiwezekani, na leo tunabeba vikapu.

Mkishakuwa nyumba kadhaa, mkutano wa mtaa ukiitishwa ombeni jambo moja liandikwe kwenye muhtasari: taka ozo zizolewe siku yake na nyingine siku yake. Mtu akiona alivyotenganisha vinamwagwa pamoja kwenye gari moja, kesho yake hatenganishi tena, na mi siwezi kumlaumu. Kwetu bado tunalidai hilo, na mjumbe wetu ambae mwanzo hakutaka kusikia, saivi ana ndoo mbili uani kwake.