Muulize Mama Fundi: Mstari wa madirishani ulikwenda wapi?

Kwa wageni wa safu hii: nilipaka rangi ndege kuanzia mwaka 1984 hadi nilipostaafu 2016, na magoti yangu yanakumbuka kila jukwaa nililopanda. Maswali ya rangi, nembo na mikia nayajibu mwenyewe. Ya mizigo iliyopotea mpelekeeni mhariri.

Mama Fundi, shikamoo. Nilikuwa napekua albamu ya marehemu baba, yenye picha za ndege za miaka ya sabini. Karibu zote zina mstari mnene wa rangi uliopita madirishani, kuanzia puani hadi mkiani. Siku hizi ndege ni nyeupe kama jokofu, rangi imebaki mkiani. Nani aliamua hivyo? (Mpenda Picha)

Marahaba, mwanangu. Hakuna kikao kilichokaa kuufuta ule mstari. Ulikufa polepole, na mimi ni mmoja wa waliouzika.

Kazi yake ilikuwa kudanganya macho. Ndege ya abiria, ukiiangalia bila huruma, ni bomba lenye matundu ubavuni. Pitisha mstari wa rangi nzito juu ya madirisha, matundu yanamezwa, bomba linakuwa refu na jembamba, na hata likiwa limeegeshwa unadhani linakwenda. Shirika hili likaweka mstari mmoja, lile mitatu, jingine likaukunja chini ya pua kama sharubu.

Kuuchora ndiko kulikokuwa na shughuli. Boeing 727-200 ina urefu wa karibu mita 47. Tulipiga uzi wenye chaki kutoka mbele hadi nyuma, tukarudi hatua ishirini, tukafumba jicho moja. Halafu tepu: mmoja anavuta rola, mwenzake anafuata akiikandamiza kwa kidole gumba, hasa penye viungo vya mabati, maana tepu ikiachwa na hewa chini yake rangi inapenya na mstari unaota meno. Mstari ukifika mlangoni unatakiwa uendelee kana kwamba hakuna mlango, na mlango ukifunguliwa ukafungwa tena, kingo zikutane. Tepu hubanduliwa kabla rangi haijakauka kabisa. Ukichelewa inaondoka na ukingo, ukiwahi rangi inachuruzika, na hapo unatafuta msasa huku msimamizi anaangalia saa. Watu wanne, kutwa nzima, mstari mmoja. Wenye mistari mitatu ya rangi tatu, piga hesabu mwenyewe.

Mwaka 1976, Concorde, ile ndege ya abiria iliyoishinda sauti kwa mwendo, ilipoanza kubeba abiria, Air France ilitoka na bodi nyeupe tupu, jina mbele, na michirizi ya bluu na nyekundu mkiani. Ilipendeza, nakiri. Miaka iliyofuata wengine wakaiga mmojammoja, na wengi walioiga walichukua ule weupe wakauacha ule ufundi.

Kisha wakaja wenye nyumba. Ndege nyingi unazopanda si mali ya shirika lililoandikwa ubavuni, zimekodishwa kutoka kampuni ambazo hiyo ndiyo biashara yao. Mpangaji akihama, mwenye nyumba anataka kuta ziwe rahisi kumkaribisha mpangaji mwingine. Bodi nyeupe unabadilisha jina na mkia, ndege inarudi kazini. Yenye mistari unaikwangua yote.

Weupe una faida zake nyingine, nisiwe mchoyo. Haupauki waziwazi kama nyekundu, ambayo jua la juu mawinguni huila mpaka inakuwa ya waridi. Haulimbikizi joto ndege ikisimama juani. Na mkaguzi anauona ufa au mafuta yanayovuja akiwa bado mbali. Kwa hiyo sikatai sababu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ni urembo.

Nimesikia Waziri Mkuu wa Uingereza aliwahi kufunika mkia wa ndege kwa leso kwa hasira. Ni kweli au ni porojo za kijiweni? (Msikilizaji wa Mengi)

Ni kweli kasoro mawili: hakuwa tena Waziri Mkuu, na ndege yenyewe ilikuwa ya mfano, ya kuweka mezani.

Juni 1997 British Airways iliondoa bendera kwenye mikia ya ndege zake, isipokuwa Concorde, ikaweka michoro ya wasanii wa dunia. Mkia mmoja ulikuwa na bluu ya vyombo vya udongo vya Delft, mji wa Uholanzi, mwingine michoro ya kuta za nyumba za Wandebele wa Afrika Kusini, mwingine majogoo ya karatasi za kukatwa za Poland. Oktoba mwaka huohuo, kwenye mkutano wa chama chake, Margaret Thatcher alifika kwenye meza ya shirika hilo, akatoa leso na kuuvika ule mkia mdogo mbele ya kamera. Alikuwa ameshaondoka madarakani tangu 1990, lakini leso ile ilifanya kazi ya waraka mzima. Mwaka 1999 shirika likatangaza kurudisha bendera kwa sehemu ya ndege zake, na 2001 likaamua zote zirudi. Katikati ya vurugu hiyo Virgin Atlantic, mshindani wao, ikajibandikia bendera ileile kwenye ndege zake. Nilicheka peke yangu karakanani.

Watu husema michoro ile ilishindwa kwa sababu Waingereza hawakupenda vya kigeni. Wapo waliokuwa hivyo. Lakini mimi naitazama kifundi. Ule wa Wandebele ulikuwa mchoro mzuri kuliko karibu kila kitu nilichopaka maishani. Tatizo ni kwamba mkia una kazi moja: mtu aliye mbali, jua limemkabili, aseme hii ni ya fulani. Weka michoro mingi tofauti kwenye shirika moja na hiyo kazi imekufa. Waongozaji wa ndege uwanjani walilalamikia hilohilo: huwezi kumwambia rubani amfuate yule wa British Airways mbele yake ikiwa mikia yao haifanani.

Na tazama mambo ya dunia. Mwaka uleule wa 1997, South African Airways ilikuwa inamwondoa swala wake wa miaka mingi na kuweka rangi za bendera mpya ya nchi mkiani. Mmoja anavua bendera, mwingine anavaa. Aliyevaa alikuwa na bendera ya miaka mitatu tu, na alikuwa na hamu ya kuonekana nayo.

Mama Fundi, zile ndege za fedha za American Airlines, zilizokuwa hazina rangi kabisa, zilipotelea wapi? Nilizipenda kuliko zote. (Mzee wa Zamani)

Hata mimi, mzee mwenzangu, ingawa zilitunyima kazi wapaka rangi. Ilikuwa alumini iliyong'arishwa, mistari ya nyekundu, nyeupe na bluu ubavuni, na herufi AA mkiani, kazi ya mbunifu Massimo Vignelli ya mwaka 1967. Ilidumu zaidi ya miaka arobaini. Kwenye mitindo ya ndege huo ni umri wa mkongwe.

Kilichoiondoa ni ngozi yenyewe. Boeing 787 imejengwa kwa nyuzi za kaboni, na kaboni hata uisugue mpaka kesho haitang'aa, lazima ipakwe. Ukiwa na ndege za aina mbili, moja inang'aa na nyingine haiwezi, unachagua rangi moja ya kuzivisha zote. Januari 2013 ikaja rangi ya fedha ya kupaka, na mkia wa michirizi mithili ya bendera. Baadaye wafanyakazi waliulizwa kwa kura kama mkia ubaki huo au AA irudi. Bendera ilishinda kwa tofauti ndogo. Ningekuwa na kadi ya kazi ya pale, ungejua kura yangu ilikwenda wapi.

Rangi ina uzito wa kusumbua ndege kweli? Rafiki yangu anasema hayo ni maneno ya kampuni zinazobana matumizi. (Mbishi)

Rafiki yako hajawahi kubeba ndoo. Ndege kubwa ya safari ndefu inavaa rangi ya kilo mia kadhaa, na kilo hizo zinasafiri kila siku bila kulipa nauli. Ndiyo maana rangi ya zamani hukwanguliwa kwanza. Hatupaki juu ya rangi kama ukuta wa nyumba.

Kwenye usukani wa mkiani, kile kipande cha nyuma kinachogeuka kushoto na kulia, uzito ni wa gramu kwa gramu. Tukishaupaka, usukani hupimwa mizani upya kabla ndege haijaruka, kwa sababu ukiwa mzito upande wa nyuma unaweza kuanza kutetemeka wenyewe angani. Mchoraji aliyekaa ofisini halioni hilo. Anakuletea mchoro wa rangi saba, na tano kati ya hizo zimeangukia usukani.

Rangi ina mambo yake na joto pia. Aprili 1996 Concorde moja ya Air France ilipakwa bluu kuitangaza Pepsi. Concorde ilikuwa nyeupe kwa sababu ya lazima: kwenye mwendo mara mbili ya sauti, ncha ya pua hufika kama nyuzi 127 za Selsiasi, na rangi ile nyeupe maalumu ilisaidia kulitoa joto. Ile ya bluu ilibakiziwa mabawa meupe, kwa kuwa humo ndimo mafuta yalimo, na marubani wakashauriwa wasizidishe dakika 20 kwenye mwendo wa juu kabisa. Mwambie rafiki yako hiyo ndiyo bei ya rangi.

Nakupinga, Mama. Ulishasema humu kwamba zama za rangi zimekwisha. Mbona Condor? (Mwenye Macho)

Umenikamata. Condor ya Ujerumani tangu Aprili 2022 imevaa mistari mipana ya kusimama, kutoka juu hadi chini, bodi nzima na mkia, kwa rangi tano: njano, nyekundu, bluu, kijani na ya mchanga, kila ndege na yake. Walisema wamechukua kutoka taulo na miavuli ya ufukweni. Wengi waliicheka wakaiita pipi. Mimi naiheshimu, kwa sababu ukiiona kwa sekunde moja tu, kati ya mikia thelathini, unaijua. Inayotofautiana ni rangi, mistari ni ileile. British Airways ya 1997 ingefanya hivyo pengine leso ingebaki mkobani.

Wala Condor si wa kwanza kwa jambo hili. Braniff ya Marekani ilipaka ndege nzimanzima rangi moja moja tangu 1965, ikaenda mbele ikamwomba msanii Alexander Calder kuichorea ndege yake ya DC-8 mwaka 1973. Ilisimama kuruka Mei 1982. Rangi haikuwa na kosa.

Na wapo waliojutia kuvua. Japan Airlines ilimwondoa korongo wake mwekundu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaingia kwenye ufilisi Januari 2010, na 2011 ikamrudisha mkiani. Lufthansa ilikuwa mjanja zaidi: 2018 iliondoa njano mkiani, lakini korongo wake, aliyechorwa na Otto Firle mwaka 1918, haikumgusa zaidi ya kumkondesha kidogo.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, nashiriki shindano la kubuni mkia wa ndege. Nimeambatanisha mchoro: tai anaruka, nyuma yake machweo ya rangi tisa. Nirekebishe wapi? (Mwanafunzi)

Marahaba. Tai anatosha. Machweo yapunguze yawe rangi mbili, na kingo zake zisiwe za moshi. Lile eneo la kufifia kutoka chungwa kwenda zambarau limekatwa katikati na ufa wa usukani, na fundi atakayelipuliza atakulaani kwa jina.

Chapisha mchoro wako uwe mdogo kama kucha ya kidole gumba, ubandike ukutani, simama upande wa pili wa chumba. Kama tai amegeuka kuwa doa, mnenepeshe mabawa. Acha nafasi ya namba ya usajili, kwani kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka herufi zisipungue kimo cha sentimeta 30 kwenye bodi au mkia. Ukitaka kurudia rangi za mkia puani, usitumie rangi yenye unga wa chuma, maana ndani ya pua kuna rada.

Kubwa kuliko yote, umenitumia upande mmoja tu. Kuna shirika fulani lilituletea kiolezo cha farasi anayekimbia. Kilikuwa kimoja, cha kushoto, na hakuna aliyeuliza. Upande wa kulia tukakibandika kilivyo, tukapuliza rangi ya kwanza, tukapuliza ya pili, tukashuka kunywa maji. Kijana wa kufagia ndiye aliyeinua kichwa akauliza kwa nini huyu farasi anakimbilia nyuma. Msasa wa siku mbili, mwanangu, mimi na wenzangu watatu, hatusemeshani.

Nitumie tena. Kushoto na kulia.