Namna ya kupata kiwango chako halisi cha shughuli kwa siku

Vikokotoo vya kalori huuliza umri, urefu na uzito, mambo ambayo mtu anayajua au anaweza kuyapima. Kisha linakuja swali la shughuli, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Majibu yamepangwa kwa siku za mazoezi: hufanyi kabisa, unafanya siku 1 hadi 3, siku 3 hadi 5, siku 6 au 7. Kila jibu lina namba yake nyuma ya pazia, kuanzia 1.2 hadi 1.9, na namba hiyo huzidishwa na kalori ambazo mwili wako unatumia ukiwa umetulia tu. Siku ina saa 24. Mazoezi huchukua saa moja kati ya hizo, tena kwa siku chache za wiki, kwa hiyo ni vigumu yakueleze peke yake unachotumia kwa siku nzima.

Anza na kalori za msingi, yaani zile za kupumua, kusukuma damu na kuweka mwili joto. Kanuni inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990: uzito kwa kilo mara 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamume anaongeza 5, mwanamke anatoa 161. Mwanamke wa miaka 35 mwenye kilo 68 na sentimita 162 anapata 680 + 1,012.5 − 175 − 161, sawa na kalori 1,357 hivi. Kanuni hii inaweza kumkosea mtu mmoja mmoja kwa asilimia 10 juu au chini, na ndiyo maana mwishoni kuna kipimo cha mizani ambacho hupaswi kukiruka.

Sasa chukua karatasi, chagua siku ya kawaida ya kazi, uigawe saa kwa saa. Kila shughuli ina namba inayoonyesha ni mara ngapi inazidi kalori za msingi. Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), Shirika la Afya Duniani (WHO) na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walizipanga namba hizi katika ripoti yao ya mahitaji ya nishati. Kulala ni 1.0. Kusafiri umekaa kwenye basi ni 1.2, kupumzika umekaa 1.4, kula 1.5, kazi ya mezani 1.5. Kupika ni 2.1, kuoga na kuvaa 2.3, kazi za nyumbani kwa jumla 2.8, kutembea bila mzigo 3.2. Kazi ya kusimama na kubeba vitu vyepesi, kama ya mhudumu wa mgahawa au mpanga bidhaa dukani, ni 2.2. Kilimo cha mkono ni 4.1.

Tumchukue yule mwanamke, afanye kazi ya ofisini. Analala saa 8 (8.0), anajiandaa saa 1 (2.3), anakula saa 1 (1.5), anapika saa 1 (2.1), yuko mezani saa 8 (12.0), anafanya kazi za nyumbani saa 1 (2.8), anatembea nusu saa (1.6), yuko kwenye basi saa 1 (1.2), na saa 2 na nusu zilizobaki amekaa anapumzika (3.5). Jumla ni 35.0. Gawanya kwa 24, unapata 1.46. Hicho ndicho kiwango chake, na kalori zake za siku ni 1,357 mara 1.46, yaani karibu 1,980.

Akianza kuinua vyuma saa moja, mara tatu kwa wiki? Saa ya vyuma pamoja na mapumziko ya kati ya seti ni takriban 4. Ile saa angekuwa amekaa, kwa hiyo ongezeko ni 2.6 tu. Zidisha kwa 3, gawa kwa siku 7, kisha kwa saa 24: anaongeza 0.05, anafika 1.51. Angekimbia bila kusimama, kwa takriban 8, ongezeko lingekuwa 0.12. Kutembea saa moja zaidi kila siku badala ya kukaa kunaongeza 0.075, kuliko vile vyuma vya mara tatu. Vyuma vina kazi yao, hasa kulinda misuli unapopungua, na tunavipendekeza kwa kila mwenye afya ya kuviweza. Ila kalori zake ni chache kuliko jasho linavyokuaminisha.

Mbadilishie kazi sasa. Awe mhudumu anayesimama saa zile 8, asiyefanya mazoezi hata siku moja. Kiwango chake kinapanda kwa 0.23 hadi 1.69, sawa na kalori 2,290 hivi. Kwenye kikokotoo angejibu "sifanyi mazoezi", apewe 1.2, aambiwe mahitaji yake ni 1,628. Hapo amepunjwa kalori zaidi ya 650 kila siku. Ukitoa tena kalori 500 za kupunguza uzito, utapata mtu mwenye njaa na kizunguzungu katikati ya zamu, anayedhani hana nidhamu. Namba 1.2 inamfaa mtu asiyetoka kitandani au kwenye kiti. Mtu mzima anayejihudumia mwenyewe mara nyingi huanzia 1.4, na anayezidi 2.4 kwa muda mrefu ni nadra.

Siku zako hazifanani, bila shaka. Fanya hesabu ya siku ya kazi na ya mapumziko kando kando, kisha zidisha ya kwanza kwa 5, ya pili kwa 2, jumlisha na ugawe kwa 7. Uwe mkweli kwenye dakika. Saa moja na nusu ya jimu mara nyingi ina dakika 20 za kubadili nguo na kusubiri mashine.

Kuhusu saa za mkononi zinazopima hatua na kalori: hatua zinahesabu vizuri kiasi, kalori hapana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2017 ulipima aina saba za vifaa hivyo vya mkononi, na hata iliyofanya vizuri zaidi ilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27. Kosa la pili ni kubwa zaidi: kuchagua kiwango ambacho tayari kina mazoezi ndani yake, halafu kula tena kalori ambazo saa imeonyesha baada ya mazoezi. Hapo umeyahesabu mara mbili.

Baada ya karatasi, mizani. Jipime kila asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, na uandike kila unachokula kwa wiki tatu. Linganisha wastani wa wiki ya kwanza na wa wiki ya tatu. Kati ya wiki hizo mbili kuna tofauti ya siku 14. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700. Tuseme umekula wastani wa 1,900 kwa siku na umepungua kilo 0.3: zidisha 0.3 kwa 7,700, gawa kwa 14, unapata 165. Matumizi yako ni 2,065. Gawanya kwa kalori zako za msingi, ambazo kwa mwanamke wa mfano wetu ni 1,357, kiwango ni 1.52. Kama umebadilisha mlo juzi tu, usianze kuhesabu wiki hiyo, kwa kuwa uzito wa mwanzo unaoshuka ni maji zaidi. Wanawake waendelee kujipima hadi mzunguko wa hedhi unaofuata, walinganishe siku zilezile za mzunguko na wagawe kwa siku zilizo kati yake badala ya 14, maana maji yanaweza kuficha mabadiliko ya wiki mbili.

Mizani ikikupa 1.2 na wewe unazunguka siku nzima, kagua daftari la chakula kabla ya kuulaumu mwili. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na mafuta, vinywaji na kuonjaonja jikoni ndivyo husahaulika zaidi.

Rudia hesabu ukibadilisha kazi, ukihama, au uzito ukibadilika kilo 5. Wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18 na wenye ugonjwa wa tezi ya shingo wasitumie kanuni hii. Wao wapangiwe na daktari au mtaalamu wa lishe.